Kusoma Mawe ya Athens: Mwongozo Kamili wa Makumbusho ya Epigrafia

Mlango wake haupo kwenye ngazi kubwa wanakopanga foleni watalii. Ukifika mbele ya Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, pale yanapotazama barabara ya Patission, usipande. Zunguka kulia kwa jengo mpaka mtaa wa Tositsa, mtaa wa waenda kwa miguu. Ng'ambo yake ni majengo ya zamani ya Politekniki, ambako wanafunzi waliupinga utawala wa kijeshi Novemba 1973. Nambari 1, ubavuni mwa jengo lile lile la akiolojia, ndiyo Makumbusho ya Epigrafia.

Yalianzishwa mwaka 1885 na yanatunza maandishi ya mawe zaidi ya 13,000, mengi yakiwa ya Athens na mkoa wake wa Attica. Ukiingia bila matayarisho utaona marumaru ya kijivu, mengine mazima, mengi yamevunjika, yote yamejaa herufi. Nimeona watu wakitoka baada ya dakika kumi, na siwalaumu. Lakini haya mawe ndiyo sauti ya mkutano wa wananchi wenyewe, pamoja na hesabu zao, sheria zao na mambo waliyotaka kuyafuta baadaye. Mwongozo huu ni wa mtu asiyejua Kigiriki anayetaka kukaa humo saa mbili na kutoka akiwa amesoma kitu kwa macho yake mwenyewe.

Hatua ya kwanza: jifunze herufi kabla ya kusafiri

Jioni mbili zinatosha. Hujifunzi lugha, unajifunza alfabeti, na lengo lako la kwanza liwe majina ya watu na miji. Majina hayahitaji tafsiri.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Irabu zetu tano ni zile zile: Α ni a, Ε ni e, Ι ni i, Ο ni o, na u huandikwa ΟΥ. Na konsonanti zinazowasumbua wageni wengine Ugiriki sisi tunazo mdomoni. Katika Kigiriki cha leo Θ ni th ya "thamani", Δ ni dh ya "dhahabu", Γ mara nyingi ni gh ya "ghali" na Χ ni kh ya "subalkheri". Zamani zilitamkwa tofauti kidogo, ila kwa kusoma majina ukutani matamshi haya yanatosha, na mlinzi wa makumbusho atakuelewa ukimtajia jina.

Herufi za kukaririwa kwa makini ni zile zinazofanana na za kwetu lakini zina sauti nyingine: Ρ ni r, Η ni e ndefu, Χ si eksi, Υ ni irabu. Kisha zile ngeni: Λ ni l, Π ni p, Σ ni s, Φ ni f, Ξ ni ks, Ψ ni ps, Ω ni o ndefu. Andika ΑΘΗΝΑ, ΔΗΜΟΣ, ΠΕΡΙΚΛΗΣ kwenye karatasi mpaka uzisome bila kusita.

Sasa mtego ambao vitabu vya kawaida havikuambii. Waathene walibadili alfabeti yao rasmi mwaka 403/2 KK, yaani mwaka ulioanza 403 ukaisha 402. Mawe ya kabla ya hapo, na ndiyo mengi ya yale maarufu, yana alfabeti ya Kiattica cha zamani. Humo H ni sauti ya h kama katika "habari", si irabu. E hubeba e fupi na e ndefu, na O hubeba o zote mbili na mara nyingi hata sauti ya u ndefu. Ω haimo kabisa. Badala ya Ξ utaona ΧΣ, na badala ya Ψ utaona ΦΣ. Lamda hukaa kama L ya kwetu, wakati gama ndiyo inayofanana na Λ. Kwa hiyo kabla ya kusoma jiwe lolote, tafuta Ω. Ukiiona, karibu kila mara uko baada ya 403. Usipoiona katika maandishi marefu ya Athens, soma kwa kanuni za zamani.

Hatua ya pili: chagua mawe sita au saba

Usijaribu kuona yote. Kila jiwe lina nambari inayoanza na EM, ambayo ni nambari ya makumbusho haya, na nyingi zina nambari nyingine inayoanza na IG, yaani mkusanyo mkubwa wa maandishi ya Kigiriki unaochapishwa Berlin. IG I³ ni maandishi ya Attica ya kabla ya 403/2, IG II² ni ya baada yake. Andika nambari zote mbili katika daftari lako, maana ukimwonyesha mhudumu nambari ya EM atakuelekeza haraka kuliko ukimweleza habari ya jiwe. Mawe huhamishwa kwa ajili ya ukarabati na utafiti, kwa hiyo weka mawili matatu ya akiba.

Tafsiri utazipata bure kwenye tovuti iitwayo Attic Inscriptions Online. Zimo kwa Kiingereza. Ingiza nambari ya IG, soma tafsiri nyumbani, kisha uandike kwa Kiswahili chako mambo matatu: nani anasema, anataka nini, na adhabu au malipo ni kiasi gani. Ukiyajua hayo, jiwe litaanza kuzungumza nawe.

Hatua ya tatu: kufika

Vituo vya metro vilivyo karibu ni Victoria na Omonia. Toka chochote kati ya hivyo, ni mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu. Saa za kufungua hubadilika kati ya majira ya baridi na ya joto, na kuna siku ya wiki makumbusho hufungwa, basi thibitisha kwenye tovuti ya Wizara ya Utamaduni ya Ugiriki siku chache kabla. Nenda asubuhi. Chukua penseli, daftari na maji ya kunywa nje, na vaa viatu vya kusimamia muda mrefu.

Hatua ya nne: jifunze kusimama

Hii ndiyo hatua inayotenganisha anayeona na anayesoma. Herufi iliyochongwa ni mfereji mdogo, na mfereji huonekana kwa kivuli chake. Ukisimama usoni mwa jiwe huku taa ikilipiga moja kwa moja, kivuli hutoweka na marumaru huonekana tupu. Sogea pembeni. Inama. Tafuta mahali ambapo mwanga unalipitia jiwe kwa ubavu, na utaona mistari ikijitokeza mmoja mmoja. Aliyewahi kuyatazama maandishi ya Kikufi kwenye kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yale yenye mwaka 500 Hijria, anaijua hali hii: hatua moja kushoto ni pambo, hatua moja kulia ni maneno.

Zamani kazi ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu herufi zilipakwa rangi, mara nyingi nyekundu. Jiwe jeupe lenye herufi nyekundu lilisomeka kwa mbali. Tunachokiona leo ni mabaki baada ya rangi kuondoka.

Usiguse. Mafuta ya vidole huingia kwenye marumaru na hayatoki. Wala usimulike jiwe kwa tochi ya simu kabla ya kumwomba ruhusa mlinzi.

Ukishaona herufi, angalia mpangilio. Mawe mengi ya karne ya 5 na ya 4 KK yamechongwa kwa mtindo ambao kila herufi iko chini ya mwenzake, kama askari kwenye gwaride, bila nafasi kati ya maneno. Neno hukatwa popote mstari unapoishia. Mtindo huu huwasumbua wasomaji wapya, lakini ni zawadi kwa watafiti: jiwe likivunjika, wanaweza kuhesabu ni herufi ngapi hasa zimepotea katika kila mstari. Mawe ya kale zaidi yana mtindo mwingine, mstari wa kwanza ukienda upande mmoja na wa pili ukirudi, jinsi ng'ombe wa plau anavyogeuka shambani. Wagiriki wenyewe waliuita kwa jina la mgeuko wa ng'ombe.

Hatua ya tano: soma azimio kuanzia juu

Maazimio ya Athens yana utaratibu, na ukiujua mmoja umejua mamia. Mara nyingi juu kabisa, kwa herufi zilizoachana, kuna ΘΕΟΙ, "miungu". Kisha mtafute msemo huu katika mistari ya mwanzo: ΕΔΟΞΕΝ ΤΗΙ ΒΟΥΛΗΙ ΚΑΙ ΤΩΙ ΔΗΜΩΙ, "Baraza na wananchi wameona vema". Kwenye jiwe la alfabeti ya zamani msemo huo huo utauona hivi: ΕΔΟΧΣΕΝ ΤΕΙ ΒΟΛΕΙ ΚΑΙ ΤΟΙ ΔΕΜΟΙ. Baraza ni la watu 500 waliopatikana kwa kura ya bahati, hamsini kutoka kila kabila kati ya makabila kumi. Wananchi ni mkutano wenyewe.

Baada ya hapo hufuata majina: kabila lililokuwa zamu, katibu, mwenyekiti wa siku ile. Kisha jina la mtu na neno ΕΙΠΕ au ΕΙΠΕΝ, "alisema". Huyo ndiye mtoa hoja. Simama hapo, lisome jina lake kwa sauti ndogo. Mtu mmoja alisimama mbele ya maelfu akatoa hoja, ikapita, na jina lake likachongwa ili kama hoja ni mbaya ijulikane ya nani.

Hatua ya sita: mawe yenyewe

Anza na ukingo wa madhabahu ya Peisistratos, EM 6787. Huyu si Peisistratos yule mtawala wa mabavu wa Athens bali mjukuu wake, mwana wa Hippias, aliyeshika uongozi wa mwaka kama 522/1 KK. Maandishi yanasema: ukumbusho huu wa uongozi wake Peisistratos mwana wa Hippias aliuweka katika uwanja mtakatifu wa Apollo Pythios. Mwanahistoria Thucydides aliiona madhabahu hii zaidi ya miaka mia moja baadaye, akayanukuu maneno hayo katika kitabu chake cha sita, na kusema bado yanasomeka ingawa yamefifia. Jiwe likapatikana 1877 karibu na mto Ilissos. Ajabu ni kwamba leo herufi zake ni kali na safi. Kilichofifia machoni mwa Thucydides huenda kilikuwa rangi, si mchongo. Tafuta ΜΝΕΜΑ mwanzoni: huo ndio "ukumbusho". Kisha fuata mpaka ΠΕΙΣΙΣΤ, ambapo jiwe limevunjika. Jina la baba limepotea, na tunalijua kwa sababu Thucydides alilinakili.

Kisha nenda kwenye bamba kubwa la michango ya shirikisho la Athens na miji washirika wake, IG I³ 259 na kuendelea. Hutalikosa, kimo chake kinapita mita tatu. Mwaka 454 KK hazina ya washirika wa Athens ilihamishwa kutoka kisiwa cha Delos kuja Athens, na tangu hapo sehemu moja kati ya sitini ya mchango wa kila mji ilitolewa kwa mungu wa kike Athena. Jiwe linaorodhesha hiyo sehemu ya Athena kwa miaka kumi na tano, pande zote nne. Limeunganishwa kutoka vipande zaidi ya 180, na viraka vya kuunganishia vinaonekana wazi.

Hapa unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Tarakimu ni herufi za kwanza za maneno: Δ ni kumi, H ni mia kwa sababu "hekaton" ilianza na h, Χ ni elfu, na alama inayofanana na Γ ni tano. Alama hiyo ikiwa na Δ ndogo ndani yake ni hamsini, ikiwa na H ndani ni mia tano. Chagua mji mmoja, soma tarakimu iliyo kushoto kwake, zidisha kwa sitini. H moja, yaani drakma 100, maana yake mji ule ulitoa drakma 6,000, ambazo ni talanta moja kamili. HHH ni talanta tatu. Pitia orodha hivyo kwa dakika kumi na utajua nani alikuwa tajiri na nani alikuwa kisiwa cha wavuvi. Shirikisho lilianza kama kinga dhidi ya Waajemi. Mimi nikilitazama bamba hili naona himaya ikijiandikia risiti.

Azimio la Egesta, EM 6568, halivutii kwa macho. Limesagika vibaya. Ni mapatano kati ya Athens na mji wa Egesta ulioko Sicilia, na kwa miongo mingi lilikuwa uwanja wa vita vya wataalamu. Jina la kiongozi wa mwaka lilibaki herufi mbili za mwisho tu, -ΟΝ. Sigma zake zina mikato mitatu badala ya minne, na kanuni iliyoheshimiwa ilisema sigma ya namna hiyo iliachwa katikati ya karne ya 5. Basi wengi waliliweka katika miaka ya 450. Mwaka 1990 Mortimer Chambers na wenzake wawili walichapisha matokeo ya kulipiga jiwe mwanga wa leza, wakasoma ANTIPHON, kiongozi wa 418/7. Tofauti ni ya kizazi kizima. Na mwaka 415 Waathene walisafiri kwenda vitani Sicilia kwa ombi la hao hao watu wa Egesta. Simama upande ambao mwanga unakupendelea na utafute sigma hizo za mikato mitatu.

Sheria ya Draco juu ya kuua mtu, EM 6602, ilitungwa karne ya 7 KK na kuchongwa upya 409/8. Jiwe ni gumu kusoma. Inatosha kujua kwamba kifungu chake cha kwanza kinasema hata aliyeua bila kukusudia aende uhamishoni, na kwamba sheria inatofautisha nia na ajali.

Ukikuta vipande vya hesabu za ujenzi wa hekalu la Erechtheion, vilivyogawanyika kati ya hapa na London, tafuta ishara za drakma. Mafundi walilipwa drakma moja kwa siku, awe raia, mgeni mkaazi au mtumwa, wote wakifanya kazi bega kwa bega. Ujira wa mtumwa, bila shaka, haukuwa lazima ubaki mkononi mwake.

Jiwe ninalolipenda kuliko yote ni azimio la Aristoteles, EM 10397, la mwaka 377 KK. Si mwanafalsafa, yeye wakati huo alikuwa mtoto. Hii ni hati ya shirikisho la pili la Athens, na inasomeka kama ahadi ya mtu aliyejuta. Kila mji utakuwa huru na kujitawala, bila kikosi cha ulinzi, bila gavana, bila kutozwa ule mchango wa zamani. Mwathene hataruhusiwa kumiliki ardhi wala nyumba katika nchi za washirika. Lilinganishe na bamba la michango. Chini na ubavuni kuna majina ya miji iliyojiunga, mengine yakiwa yameongezwa na mikono tofauti kadiri wanachama walivyofika. Kisha angalia mistari ya 12 na kuendelea. Pana mahali pamekwanguliwa kwa makusudi, herufi zimeng'olewa kwa patasi. Mpaka leo wataalamu wanabishana kilikuwa kimeandikwa nini. Wengi hufikiri ni maneno yaliyohusu mkataba na mfalme wa Uajemi. Azimio lenyewe linataja bei ya kulichonga, drakma 60, na mahali pa kulisimamisha, karibu na sanamu ya Zeus Mkombozi.

Kwa mafundi ujenzi na wahandisi: EM 12538, vipimo vya ghala la vifaa vya meli huko Piraeus, vya mwaka 347/6 hivi, vya Euthydomos na Philon. Urefu futi 400, milango, madirisha, boriti, vigae, kila kitu kimeandikwa kwa kina ambacho mkandarasi wa leo angekitambua. Wasomi waliuchora mchoro wa jengo kutokana na maneno haya peke yake.

Malizia kwa azimio la Themistocles, kiongozi wa Athens wakati wa vita na Waajemi, EM 13330, lililotangazwa mwaka 1960 na Michael Jameson baada ya kuliona katika mji wa Troizen. Linasema Waathene wauache mji wao kwa miungu, wanawake na watoto wapelekwe Troizen, wanaume wapande meli 200 kuwakabili Waajemi. Hayo ni mambo ya 480 KK, lakini herufi ni za karne ya 3. Je, ni nakala ya kweli au imetungwa baadaye kwa fahari? Kwa macho yako mwenyewe thibitisha jambo moja: tafuta Ω na Η kama irabu. Zimo. Mchongaji hakuishi zama za Themistocles.

Hatua ya saba: usiyaamini mabano wala usiyadharau

Ukirudi kwenye maandishi yaliyochapwa, utakutana na alama zilizokubaliwa tangu 1931. Mabano ya mraba [ ] maana yake jiwe limevunjika na msomi amejaza. Nukta chini ya herufi maana yake herufi haionekani vizuri. Mabano ya mraba mawili mawili ni maandishi yaliyofutwa zamani, kama pale Waathene walipoamua mwaka 200 KK kufuta heshima za wafalme wa Makedonia kwenye mawe yao. Kujaza kwingine ni kwa hakika, mfano jina la Hippias. Kwingine ni dhana ya mtu mmoja iliyorudiwa mpaka ikaonekana kweli. Kila unaposoma tafsiri yenye habari ya kusisimua, angalia kama habari hiyo imo ndani ya mabano.

Hatua ya nane: mlango wa pili

Sasa ndipo upande zile ngazi kubwa. Ndani ya Makumbusho ya Taifa tafuta vitu viwili. Kwanza ni mtungi mdogo wa Dipylon, wa kama 740 KK, wenye mojawapo ya maandishi ya kale kabisa ya alfabeti ya Kigiriki, yakimsifu anayecheza ngoma kwa wepesi kuliko wote.

Pili ni Phrasikleia. Jiwe lake la chini, lenye maandishi, lilikuwa limejengwa ndani ya kanisa dogo huko Merenda, na wasomi walilijua bila kujua sanamu yake iko wapi. Mwaka 1972 sanamu ilifukuliwa karibu na hapo, ya msichana aliyevaa shada na mkufu, na rangi bado zimo kwenye gauni. Vikaunganishwa. Utayasoma maneno bila msaada sasa, herufi baada ya herufi: ΣΕΜΑ ΦΡΑΣΙΚΛΕΙΑΣ, kaburi la Phrasikleia. Yanayofuata ni maneno yake mwenyewe: nitaitwa ΚΟΡΕ daima, kwa kuwa badala ya ndoa miungu walinigawia jina hili. Neno "msichana" halitoshi. Kiswahili kina neno lake hasa: mwari.